Mwajuma bado, lakini Mwanamvua je?

Leicester

Mdogo wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai tumbo limetulia na miguu imeacha kuvimba. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo haina adabu. Ujumbe wa sauti wa Mama nimeusikiliza wote, na wako ule wa kulia pia. Kwa hiyo kipimo kimeonyesha mtoto wa kike, Mama anataka aitwe Mwajuma kama Bibi, wewe unataka Ayla, na shemeji kanyamaza kama kawaida yake. Unaniuliza kama kweli jina la kizamani linaweza kurudi kuwa la kisasa, au Mama anakufariji tu.

Linarudi. Naliona kazini kila wiki. Wazee ninaowaogesha na kuwalisha hapa wanaitwa Maureen, Brenda, Doreen, Keith, Derek, wengi wao wazaliwa wa miaka ya 1930 na 1940. Jumapili wanaletewa vitukuu, na hao vitukuu ndio wanaoitwa Arthur, Elsie, Ada, Mabel, Stanley. Mwanzoni nilishangaa, maana majina hayo nimezoea kuyasoma makaburini, kwenye mawe yaliyoota kuvu. Bibi mmoja aliniambia huku akicheka kwamba kitukuu wake kapewa jina la mama yake mzazi, jina ambalo yeye asingethubutu kumpa binti yake. Enzi zake, anasema, lilikuwa linanuka dawa ya kuchua.

Wenzetu hutoa orodha ya majina ya watoto kila mwaka. Mwaka 2018 Arthur liliingia kwenye kumi bora ya wavulana wa Uingereza na Wales, mara ya kwanza tangu miaka ya 1920, na Ada likaingia mia bora ya wasichana baada ya karne nzima. Wapo wanaosema tamthilia moja ya magenge ya Birmingham ndiyo iliyoyafufua. (Mwambie Mama, mwaka 2023 lililoongoza kwa wavulana lilikuwa Muhammad. Hilo halijui kuzeeka.)

Ila tazama ni yapi yaliyorudi. Sijamwona mtoto wa chekechea anayeitwa Brenda wala Keith. Jina la bibi umelijua likiwa na meno ya bandia. Jina la mama yake bibi hukumwona mwenyewe akizeeka, basi linakujia kama jipya. Hapo ndipo Mama kawahi mno. Mwajuma bado lina wenyewe: shangazi zetu, wauza vitumbua, mwalimu wetu wa darasa la tatu. Halafu kuna ule utani wa "Mwajuma ndala ndefu", mtoto ataupokea siku ya kwanza ya shule. Labda vitukuu wako watalitaka.

Na kwetu kuna jambo jingine. Arthur ni Arthur hata azaliwe lini. Wazee wetu walitazama siku: Mwajuma wa Ijumaa, Mwanahamisi wa Alhamisi, Mwanaidi wa sikukuu, Pili na Tatu kwa kufuatana. Wewe umeniambia daktari ameshakupangia upasuaji Jumanne. Mwajuma wa Jumanne, Zuhura? Bibi mwenyewe angecheka.

Wala si yote ya kufufua. Shida, Tabu na Mashaka yapumzike. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa akaitwa Mtumwa. Siti ni jina alilokuja kupewa baadaye mjini, na sioni anayelia kwamba lile la kwanza limepotea.

Ayla sina ugomvi nalo. Lakini zile picha za mahafali ya chekechea ulizonitumia, ni Ayla, Inaya, Ayaan, Aryan tupu. Mwalimu akiita mmoja wanaitika watatu. Na miaka sitini ijayo, Ayla ndilo litakuwa jina la bibi mwenye presha.

Mimi nina langu. Fungua ukurasa wa mwisho wa msahafu wa Bibi, pale alipoandika ukoo. Mama yake aliitwa Mwanamvua. Mtaani kwetu simjui hata shangazi mmoja mwenye jina hilo, hakuna utani wake, na wewe unajifungua Aprili, masika yenyewe. Mama atapata jina la ukoo. Ayla liwe la nyumbani, kwani majina mawili kwetu ni kitu cha ajabu? Cheti changu kinasema Rukia na hakuna hata mmoja wenu anayeniita hivyo.

Mwambie shemeji asiende RITA kuandikisha cheti cha kuzaliwa kabla hamjanipigia. Yule ukimwacha peke yake dirishani atatoka na jina la mchezaji. Hela ya mbuzi wa akika natuma mwisho wa mwezi. Mama msimwambie ni wazo langu mpaka awe ameshakula.

Dada yako,
Kibibi