Kivumbasi cha bibi yako

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unasema maboga yako huko Buhongwa yanatoa maua mengi, kisha vitunda vinageuka njano na kudondoka vikiwa kama yai la kuku, na unaniuliza upige dawa gani. Usipige kitu. Amka mapema, uchuchumae shambani, utazame. Ua lenye kijitunda chini yake ni jike. Lenye kikonyo kitupu ni dume. Chavua ya boga ni nzito, inanata, upepo hauibebi. Na ua lenyewe hufunga kabla ya adhuhuri. Ukikaa hapo nusu saa usisikie hata nyuki mmoja, ugonjwa wako ndio huo.

Nimeujua kwa kosa langu. Nilipomwaga zege uani hapa Nansio, niling'oa kile kichaka cha kivumbasi ambacho bibi yako alikuwa akikata matawi yake jioni kufukuzia mbu. Nilikiita gugu. Bibi hakusema neno, aliniangalia tu. Msimu uliofuata maboga ya nyuma ya jiko yakafanya kama yako.

Sasa nimekirudisha. Maua yake ni madogo, hayana rangi ya kumvutia mtu, lakini nyuki hawabanduki: wa mzinga, wale wadogo wasiouma, hata yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti (mwache, boriti haitaanguka leo). Harufu ya majani ni kama karafuu.

Mbegu zake ni kama vumbi, ukizifukia ndani hazioti. Afadhali vipandikizi. Unene wa penseli, urefu wa kiganja. Ondoa majani ya chini na maua yote, choma ardhini vuli inapoanza, kimoja hadi kingine mita moja. Hakifi msimu ukiisha. Kikichakaa kikate hadi magotini, kitachipua. Ila usikate vyote siku moja, nyuki watakula nini? Na pembeni acha kipande cha udongo usiolimwa, maana nyuki wengi wa porini hutaga ardhini. Huyo jirani yako anayepulizia nyanya asubuhi, mwombe kwa upole apulizie jioni.

Vipandikizi nimevifunga kwa gazeti bichi, vinakuja na meli ya kesho. Vimo ndani ya ndoo ya dagaa, usishangae harufu. Bibi amevihesabu: kumi na viwili.

Baba yako