Bahari ya Kiwayuu nayo ni Kenya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonikaa moyoni tangu kaskazi iliyopita.

Mtoto wa dada yangu alitoka Faza na wenzake wawili kwenda kuvua nje ya kisiwa cha Kiwayuu, hapa Lamu. Usiku ikawajia boti isiyo na taa. Watu wenye mapanga wakaifungua injini yao, wakachukua wavu wa jarife na samaki wote, wakawaachia kasia moja. Vijana walirudi kwa tanga la turubai, wakafika siku ya pili alasiri, midomo imepasuka kwa kiu. Mpwa wangu alipokwenda kituo cha polisi kuandikisha, askari wa zamu alimwambia kisa kimetokea baharini, na bahari si eneo lake. Kama wezi wameelekea Somalia, awafuate huko huko. Hakupewa hata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Nimekuwa nahodha zaidi ya miaka 30, na jibu hilo nimelisikia wakipewa wavuvi wengi. Kisheria si kweli.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inatumika tangu 1930. Kifungu chake cha 5 kinasema mamlaka ya mahakama za Kenya yanafika kila mahali ndani ya Kenya, pamoja na maji ya nchi. Maji hayo ni maili 12 za baharini, karibu kilomita 22. Wala hazihesabiwi kutoka mchangani pale mtu anapofunga mashua. Huhesabiwa kutoka mstari wa msingi, na kwetu mstari huo umepigwa nje, ukipita kwenye visiwa na miamba ya mbele. Kijana wetu alikuwa na jipiesi (GPS), chombo cha kuonyesha mahali ulipo, na hesabu yake inaonyesha walikuwa maili nne tu kutoka Kiwayuu. Aliyeporwa hapo ameporwa Kenya sawasawa na aliyevunjiwa duka Mkomani.

Tena pasiletwe hoja ya mpaka. Ni kweli Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu ya mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021, na serikali yetu ikaikataa. Lakini mzozo huo uko juu kule, kuanzia mbele ya Kiunga na Ishakani kwenda baharini. Kiwayuu iko kusini, hakuna anayeigombania.

Na tuseme wezi walivuka kweli. Kifungu cha 6 kimelifikiria hilo. Kitendo kikifanyika nusu ndani ya nchi na nusu nje, yeyote aliyefanya sehemu yake yoyote akiwa ndani anaweza kushtakiwa kana kwamba kitendo chote kimefanyika hapa. Aliyewapa habari kwa simu akiwa kijijini, aliyewauzia petroli akijua waendako, wote hao mkono wa sheria unawafika. Hata mali iliyoibiwa nje ya nchi ina kifungu chake: anayeipokea hapa akijua ni ya wizi, ana kosa. Nalitaja hili kwa sababu wiki chache baadaye injini ya mpwa wangu ilionekana imefungwa kwenye boti nyingine, kifuniko kimepakwa rangi mpya. Alama aliyoichonga kwa msumari chini ya mpini bado ipo. Lakini bila OB, ataidai kwa karatasi gani?

Nadhani baadhi ya askari walizisikia kesi za maharamia wakabaki na nusu ya habari. Novemba 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema mahakama zetu hazina uwezo wa kusikiliza mashtaka ya uharamia wa bahari kuu, ikikishikilia kifungu hicho hicho cha 5. Washtakiwa wenyewe walikuwa wamekamatwa na wanamaji wa Ujerumani mwaka 2009 katika Ghuba ya Aden. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikasema uharamia ni kosa ambalo taifa lolote linaweza kulihukumu. Basi nauliza kwa uchungu: ikiwa hakimu wa Mombasa anaweza kuwahukumu watu waliokamatwa Ghuba ya Aden, vipi maili nne kutoka Kiwayuu ziwe mbali kwa kituo cha kaunti hii?

Wavuvi nao nina neno kwao. Wapo wanaodhani Kanuni ya Adhabu inafika maili 200. Hapana. Maili 200 ni za haki ya samaki na mali iliyo chini ya bahari. Ukiporwa maili 40 nje, kifungu cha 5 hakikufiki, na hapo ndipo sheria ya uharamia, iliyomo katika Sheria ya Meli za Biashara ya 2009, inapoingia. Kwa hiyo ukivamiwa, andika namba za jipiesi papo hapo na saa. Usiye nayo, shika alama za nchi kavu kama tulivyofundishwa na wazee. Maili moja inaweza kubadilisha kesi nzima.

Kwa wakuu wa polisi ombi langu si la fedha nyingi. Kila kituo kuanzia Amu hadi Kiunga kibandikwe ramani ya bahari yenye mstari wa maili 12, na askari anayeletwa kutoka bara aonyeshwe mstari huo siku ya kwanza anapofika. Mvuvi akija, maelezo yake yaandikwe kwanza. Mahali pa kosa patabishaniwa baadaye mbele ya hakimu, hapatolewi hukumu mezani pa zamu.

Mpwa wangu sasa anavua kwa mshipi ndani ya mkondo, kwa dau la kuazima. Ana watoto wanne. Namba ya OB hadi leo hajapewa.

Nahodha mstaafu,
Faza, Lamu