Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu: Habari za Kinyozi wa New York

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umetuarifu kwamba unafikiria kujiunga na jeshi la Marekani, kwa kuwa kazi ya bohari haikufikishi mbali na umeambiwa kwamba sare hufupisha njia ya uraia. Sina nia ya kukuzuia, ila nataka kwanza uzisome habari za Abraham Krotoshinsky, Myahudi aliyezaliwa Płock, Poland, wakati mji huo ukiwa chini ya Urusi.

Yeye aliondoka kwao kwa kulikimbia jeshi, maana hakuwa tayari kumpigania mfalme wa Urusi ambaye serikali yake iliwadhulumu Wayahudi. Mwaka 1912 alifika New York, akawa kinyozi. Jeshi likamfuata huko huko: Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, aliandikishwa katika Divisheni ya 77, iliyojaa wahamiaji ambao baadhi yao hawakukijua Kiingereza vizuri. (Hata hiyo njia fupi ya uraia si ngeni, sheria ya Mei 1918 iliwarahisishia wageni waliokuwa jeshini.)

Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne nchini Ufaransa, zaidi ya askari 500 waliokuwa chini ya Meja Charles Whittlesey walizingirwa na Wajerumani kwa siku kadhaa, chakula kikawaishia, na siku moja wakapigwa hata na mizinga ya upande wao wenyewe. Wajumbe waliotangulia kutafuta msaada walishindwa kupenya. Krotoshinsky akajitolea. Alitambaa vichakani mbele ya bunduki za adui, na baadaye alisimulia kwamba Mjerumani mmoja alimkanyaga vidole, naye akajikaza asitoe sauti. Alipowafikia Wamarekani wenzake alikuwa hoi, lakini aligeuka akawaongoza waokoaji hadi walipokuwa wenzake. Waliotoka humo kwa miguu yao hawakufika 200.

Alitunukiwa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi la nchi kavu. Baada ya vita alihamia Palestina kulima, kilimo kikamshinda, akarudi New York na kukosa kazi, mpaka Rais Calvin Coolidge alipoagiza aajiriwe posta, mwaka 1927. Njiwa Cher Ami, anayesifiwa kwamba alipeleka ujumbe wa kikosi hicho hicho, alikaushwa na kuwekwa katika makumbusho ya Washington, ambako yupo hadi leo. Sina ugomvi na njiwa, ila naona taifa lilijua upesi zaidi la kumfanyia ndege kuliko la kumfanyia kinyozi.

Basi ukienda kwa afisa anayeandikisha, muulize habari za uraia, lakini muulize pia juu ya matibabu, masomo na kazi baada ya mkataba kwisha, na majibu yake uyapate kwa maandishi. Mama anakusalimu, na anasubiri simu yako kabla hujatia saini.

Kaka yako