Tirikadukam si kitabu cha kuchanganyia dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe dai nililolikuta kwenye kichupa cha dawa ya asili. Ndani yake mna unga wa tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu, na karatasi iliyobandikwa inasema kipimo chake kimetolewa katika Tirikadukam, kitabu cha kale cha Watamil wa kusini mwa India.

Ni kweli kwamba kitabu hicho kimepewa jina la viungo hivyo vitatu, lakini hakifundishi kuchanganya unga wowote. Ni beti 100 za maadili, na kila ubeti hutaja mambo matatu, kwa kuwa mtunzi aliyahesabu kuwa tiba ya tabia kama viungo vile vilivyo tiba ya mwili. Hata Elathi, kitabu kingine cha maadili, kimeazima jina lake kwenye iliki.

Anayetaka kujua Watamil hao waliusia nini kuhusu chakula na afya, heri afungue Tirukkural, kitabu cha maadili cha mshairi wao Thiruvalluvar, mlango wa 95. Mlango wenyewe unaitwa "Dawa", na (hapa nilicheka peke yangu) katika beti zake 10 hakuna mzizi wala jani lililotajwa. Mshairi anasema mwili hautahitaji dawa ikiwa mtu hali tena mpaka ahakikishe kwamba alichokula mwanzo kimesagika. Asubiri njaa imshike hasa, ale kisichomdhuru, tena kwa kiasi, kwani anayekula kupita nguvu ya moto wa tumbo lake huugua kupita kiasi. Tabibu naye anaagizwa autambue ugonjwa, kisha chanzo chake, ndipo atafute cha kuutuliza. Ubeti wa mwisho unaigawa tiba mafungu manne: mgonjwa, tabibu, dawa na anayemuuguza.

Acharakkovai, kitabu cha adabu, kinamtaka mlaji anawe miguu, aketi akielekea mashariki, aanze na vitamu na kumalizia na vichungu, na asile kabla ya kuwapa wageni, wazee, ng'ombe, ndege na watoto.

Nilipomwuliza muuzaji kipimo chake kimo katika ubeti upi, alinijibu kwamba kitabu kiko India. Ombi langu ni dogo: karatasi ya kichupa imtaje aliyechanganya unga huo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga