Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Chanjo ya Chambavu na Kimeta

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana mnaoshinda malishoni,

Hesabu za chama atazisoma mhazini. Ukarabati wa josho umekamilika na sina la kuongeza. Muda wangu nitautumia kwenye chanjo ya chambavu na kimeta, magonjwa mawili ya bakteria yanayoua ng'ombe ghafla.

Safari hii tulichanja Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, vuli haijaanza. Zamani simu kwa afisa mifugo zilianza kupigwa ndama akishaanguka. Chanjo huhitaji takribani wiki mbili kujenga kinga, na chambavu huua ndani ya siku moja au mbili. Mbegu za bakteria wake hulala ardhini miaka na miaka, na mvua zikianza ng'ombe huzila pamoja na udongo wanapong'oa majani mafupi. Anayesubiri mawingu amechelewa.

Boma moja halikuleta mitamba yake kwenye kibanio, ile njia nyembamba ya kumzuilia ng'ombe achanjwe. Niliitwa asubuhi baada ya mvua za kwanza. Mtamba aliyenona kuliko wote kundini alikuwa anachechemea mguu wa nyuma, paja limevimba, na nilipolibonyeza nilisikia ngozi ikikwaruza chini ya vidole kama karatasi kavu. Jioni alikuwa amekufa. Ugonjwa huu hupenda hasa ng'ombe wa miezi 6 hadi miaka 2, tena wale walioshiba vizuri. Kwa hiyo ile hoja kwamba "huyu ana afya, sindano ya nini" ndiyo inayotumalizia mitamba.

Wapo waliosema ng'ombe wao wana hereni za utambuzi masikioni na walishachanjwa. Kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 ni jambo jema na tuliishiriki, lakini chanjo ya ng'ombe katika kampeni ile ni ya homa ya mapafu. Haikingi chambavu wala kimeta. Hizo ni sindano nyingine, na hurudiwa kila mwaka.

Chanjo hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, haigandishwi wala haianikwi juani. Kuna duka lililomuuzia mwanachama wetu chupa iliyokuwa rafuni, bila friji. Aliitupa, na alifanya vyema. Jingine ni hili la oksitetra, antibiotiki ya sindano. Chanjo ya kimeta ni vimelea hai vilivyodhoofishwa; ukimchoma ng'ombe antibiotiki siku zilezile, unaiua chanjo na fedha yako imepotea. Mwambieni mchanjaji ukweli kuhusu dawa mlizotumia.

Sasa kibudu. Hapa nasema kwa uchungu. Ng'ombe akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Mzoga ukifunguliwa, bakteria wa kimeta hugeuka mbegu ngumu na eneo lile huwa hatari kwa miaka mingi. Mtu huambukizwa kwa kushika nyama na ngozi, si kwa kula tu. Mwiteni afisa mifugo, mzoga uchomwe au ufukiwe kwa kina kirefu. Najua njaa ipo na nyama ni nyama, lakini hakuna mtoto wa chama hiki wa kupotezwa kwa ajili ya kibudu.

Nyati nao tunashiriki nao malisho na maji. Mwaka 2015 kimeta kiliua mamia ya nyati katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, nchini Kenya. Nyati wa porini hatuwezi kuwapitisha kwenye kibanio, kwa hiyo kinga tunayoimudu ni ya ng'ombe wetu. Mkiona mizoga ya wanyamapori, hamisheni kundi na toeni taarifa siku hiyohiyo.

Kamati inaleta pendekezo moja. Fedha za chanjo zikusanywe Julai na Agosti, wakati mifugo bado ina bei mnadani, ili dozi ziagizwe mapema, na wajane wenye ng'ombe wachache walipiwe na mfuko wa chama. Naomba mlijadili na kulipigia kura leo, kabla hatujatawanyika.