Barua kwa Rehema kuhusu mtaa wa skeitibodi

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Nimeupitia kwa makini mchoro wako wa mtaa mpya, na kwa kuwa uliniomba nisikufiche kitu, naanza na lililonikwaza: umewatengea wacheza skeitibodi (ule ubao wa magurudumu unaopandwa kwa kusimama) uwanja wenye uzio pembezoni mwa mji, kisha ukaliona suala lao kuwa limekwisha. Halijaisha, kwani uwanjani watafika kwa kupita mtaani, na isitoshe, raha ya mchezo huu ni kuuchezea mji wenyewe.

Anzia chini. Gurudumu la skeitibodi ya mitaani lina kipenyo cha milimita 50 hivi, tena ni gumu, hivyo kokoto moja yatosha kulisimamisha ghafla, ubao ukakwama na mtu akarushwa mbele. Vile vitofali vyenye kingo zilizochongwa ulivyovichagua vitawasumbua wao na kuwakera wakazi pia, maana sehemu kubwa ya kelele hutokana na magurudumu kugonga viungo vya sakafu. Zege iliyosawazishwa vizuri itawafaa wote, wakiwemo wanaotumia viti vya magurudumu. Vyuma vya kufunikia mitaro navyo uvilaze ili matundu yake yakingame na njia, yasifuatane nayo.

Kuhusu mabenchi, ambayo wachezaji hupenda kutelezesha ubao kwenye kingo zake, jenga ya graniti au zege nzito, ukingo ukilindwa kwa ukanda wa chuma, nayo yatahimili msuguano wa ubao kwa miaka mingi. La muhimu zaidi ni yanakoelekea. Anayekosea mruko huanguka palepale, lakini ubao wake hufyatuka na kwenda zake. Ubao huo ukiingia kwenye magari, mwenyewe ataukimbilia bila kutazama kushoto wala kulia. Basi yageuze mabenchi yasielekee barabarani, acha nafasi pana ya kutua, na uweke kizingiti kifupi cha kuuzuia ubao.

Najua wapo watakaodai marufuku na vile vyuma vinavyopigiliwa kwenye kingo ili kuuzuia ubao usiteleze (ambavyo, kusema kweli, humwudhi hata anayetaka kuketi tu). Wakumbushe habari ya Edmund Bacon, mpangamiji aliyebuni LOVE Park, bustani ya umma ya Philadelphia, Marekani: mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 92, alipanda skeitibodi humo hadharani kupinga katazo la mchezo huo. Malmö, nchini Sweden, iliajiri mtu mahususi wa kushughulikia skeitibodi mjini, naye akawa kiungo kati ya vijana na ofisi za mipango. Hilo naliona la busara kuliko uzio wowote, kwa sababu saa za kucheza karibu na nyumba za watu hupangika kwa mazungumzo.

Nitumie mchoro wa yale makutano ya kusini kabla hujaupeleka kwa mkandarasi. Mteremko wake unanitia shaka: anayeshuka kwa kasi hana pa kupunguzia mwendo kabla ya kivuko.

Rafiki yako,
Idrisa