Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: makaa ya mawe ya kuuzwa nje yapangiwe tarehe ya mwisho

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Madini, Dodoma
Nakala: Waziri wa Nishati, Mkurugenzi Mkuu wa NEMC (baraza la taifa la mazingira), Wakuu wa Mikoa ya Ruvuma, Njombe na Mtwara

Yah: Kusitisha kwa awamu usafirishaji wa makaa ya mawe nje ya nchi

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia tukiwa wataalamu wa migodi, wa maji na wa uchumi, pamoja na wanaharakati wa mazingira wa ukanda wa kusini. Tunaomba mambo matatu. Leseni mpya za kuchimba makaa ya mawe kwa ajili ya kuuza nje zisitolewe tena. Usafirishaji nje upunguzwe mwaka hadi mwaka kuanzia 2030, na ukome tarehe 31 Desemba 2035. Na fedha za kufunga migodi iliyopo zianze kuwekwa benki leo, wakati migodi hiyo bado inaingiza pesa.

Tunajua ombi hili limekuja wakati wizara inaona makaa kama habari njema. Mtwara iliyozoea meli za korosho ilipakia shehena yake ya kwanza ya makaa mwaka 2021. Kati ya Novemba 2021 na Septemba 2022, kampuni moja pekee ya Ruvuma ilikuwa imeshapeleka nje tani zisizopungua 400,000, zikiwamo zilizokwenda Uholanzi, Ufaransa na India. Kilichowaongeza wanunuzi wa Ulaya ni vita vya Ukraine na marufuku ya Umoja wa Ulaya dhidi ya makaa ya Urusi, iliyoanza kutumika Agosti 2022. Mwezi uliofuata tani moja ya makaa ya Newcastle, Australia, ambayo soko huitumia kama kipimo, iliuzwa kwa zaidi ya dola 400. Mwisho wa 2023 bei ilikuwa chini ya dola 150, na mwaka 2025 ilikuwa imeshuka hadi jirani na dola 100.

Sasa tupige hesabu ya Ruvuma. Kutoka mgodini hadi gati la Mtwara ni zaidi ya kilomita 600 kwa lori. Tukichukulia senti 6 za dola kwa kila tani kwa kila kilomita, usafiri peke yake unakula angalau dola 36 kwa tani. Hapo hujachimba, hujaponda, hujalipa bandari wala meli. Dola 400 ziliweza kubeba mzigo huo bila taabu, lakini kwenye dola 100 mchimbaji anabaki na upenyo mwembamba, na bei ikitetereka kidogo ndiye wa kwanza kusimamisha kazi, kwa sababu washindani wake wa Indonesia na Afrika Kusini wako karibu zaidi na bahari au wana reli.

Wanunuzi wenyewe wanaondoka. Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Sheria ya Uholanzi inakataza makaa kwenye uzalishaji wa umeme kuanzia 2030. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, Na. 2024/1787, kuhusu methani, gesi inayotoka kwenye makaa na kuongeza joto duniani, imepitishwa ikiwa na sharti kwamba mikataba ya kuingiza makaa inayofungwa kuanzia Januari 2027 iambatane na vipimo vya methani vya mgodi vinavyolingana na vya Ulaya. Vipimo hivyo vinahitaji sampuli za gesi kutoka kwenye mashimo ya utafiti na mhakiki wa kujitegemea, na mgodi mdogo unaojiendesha kwa wakandarasi hauwezi kuvipata kwa mwezi mmoja. Jirani zetu wa Kenya nao wameonyesha msimamo: Juni 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya, lenye mamlaka ya kimahakama, lilifuta kibali cha mtambo wa makaa wa Lamu wa megawati 1,050, baada ya wakazi wa Lamu kulifikisha suala hilo mbele yake.

Mheshimiwa, mfano unaotutia hofu zaidi uko ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 2011 kampuni ya madini ya Rio Tinto ilinunua migodi ya makaa ya Tete, Msumbiji, kwa karibu dola bilioni 4. Januari 2013 ikafuta dola bilioni 3 kwenye vitabu vyake, kwa sababu makaa yaliyokuwepo yalikuwa machache kuliko yaliyotarajiwa na njia ya kuyafikisha baharini ilikuwa ngumu. Mwaka 2014 ikauza kilichobaki kwa dola milioni 50. Jirani yake, Vale ya Brazil, ilijenga na kukarabati reli ya zaidi ya kilomita 900 kutoka Moatize hadi Nacala, kisha mwaka 2022 ikauza mgodi na reli kwa dola milioni 270, fedha kidogo mno ukilinganisha na mabilioni yaliyowekezwa. Makampuni hayo yalikuwa na mahali pengine pa kwenda. Familia zaidi ya elfu moja zilizohamishwa kupisha mgodi hadi makazi mapya ya Cateme na 25 de Setembro ziliachiwa nyumba zenye nyufa na ardhi yenye mawe, na Januari 2012 wananchi wa Cateme walifunga reli ili wasikilizwe.

Ndiyo maana tunaomba uliangalie upya andiko la reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay na matawi yake ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Hatuipingi reli. Korosho, kahawa ya Mbinga, mahindi ya Ruvuma, saruji na mizigo ya Malawi vinaihitaji. Tunachopinga ni mkopo wa miaka 30 unaolipwa kwa bidhaa ambayo baadhi ya wanunuzi wake wameshatangaza mwaka wa kuondoka. Fanyeni hesabu ya reli mara mbili, moja ikiwa na makaa na nyingine bila makaa hata tani moja baada ya 2035, na mtangaze zote mbili. Ikishindwa kujilipa kwenye hesabu ya pili, ukubwa wake na awamu zake zibadilishwe kabla ya saini.

Barabara nayo inalipa gharama ambazo haziandikwi popote. Tani milioni moja kwa malori ya tani 30 ni safari 33,000 na zaidi, yaani malori 91 yenye mzigo kila siku ya mwaka, na mengine 91 yanayorudi matupu. Uharibifu wa lami hauongezeki sambamba na uzito, hupanda kwa kipeo cha nne. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa 12, uharibifu unazidi mara mbili. Tukichukulia makaa yana thamani ya dola 50 kwa tani mgodini, lori zima lina mzigo wa dola 1,500. Mrabaha wa asilimia 3 ni dola 45, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni dola 15, na ushuru wa huduma wa halmashauri wa asilimia 0.3 ni dola 4 na nusu. Waulizeni TANROADS kama dola hizo 64 na nusu zinatosha kulipia njia ya lori hilo kwenda na kurudi.

Pale bandarini kuna mambo mawili. La kwanza ni vumbi. Ghala la korosho na rundo la makaa havistahili kuwa majirani, na bandari ya mizigo michafu ya Kisiwa Mgao ilibuniwa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini gati la makaa lisilo na wateja baada ya miaka kumi litakuwa deni, kwa hiyo lisanifiwe tangu mwanzo kupokea klinka (malighafi ya saruji), mbolea na nafaka. La pili ni joto. Makaa yaliyorundikwa bila kushindiliwa hupitisha hewa, huungana na oksijeni na kujichemsha yenyewe hadi kuwaka. Kanuni za kimataifa za shehena za wingi zinakataza kupakia makaa yenye joto linalozidi nyuzi 55 za Selsiasi. Rundo lipimwe kwa fimbo ya kipimajoto iliyozamishwa ndani, maana juu hupoa na kudanganya. Likianza kufuka moshi, kulimwagia maji juu hakusaidii: mvuke hufungua nyufa na hewa huingia zaidi. Sehemu yenye moto huchimbuliwa, hutandazwa ipoe, kisha hushindiliwa upya kwa matabaka membamba. Wanaofanya kazi hiyo bila barakoa zinazofaa ni vijana wa vibarua, na tunaomba wakaguzi wa migodi na wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) waende huko bila taarifa.

Jambo linalotunyima usingizi kuliko yote ni maji. Mto Ngaka unamwaga maji yake kwenye Mto Ruhuhu, na Ruhuhu inaingia Ziwa Nyasa. Kwenye matabaka ya makaa na mwamba unaoyafunika mara nyingi kuna pairiti, yaani chuma kilichoungana na salfa, chembe ndogo zinazometameta. Ikiwa chini ya ardhi imetulia. Ikichimbuliwa na kuachwa juani, mvua na hewa huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo huyeyusha chuma, manganizi na aluminiamu kutoka kwenye mawe. Dalili yake ni tope la rangi ya machungwa kwenye mitaro chini ya kifusi, na maji maangavu kupita kiasi yasiyo na kiumbe hai. Usipa na samaki wengine wadogo wakishatoweka kwenye mlango wa mto, aliyechelewa kupima ameshachelewa kuokoa. Ikishaanza, hali hii huendelea kwa miongo mingi baada ya mchimbaji wa mwisho kuondoka. Januari 2012 maji ya bomba ya mji wa Carolina, Mpumalanga, yaliharibiwa na asidi ya migodi ya makaa, na Afrika Kusini ina migodi iliyotelekezwa zaidi ya 6,000 ambayo sasa ni mzigo wa serikali.

Kinga yake inajulikana na si ya gharama kubwa ikianza mapema. Kila aina ya mwamba unaochimbuliwa ipimwe uwiano kati ya uwezo wake wa kuzuia asidi na uwezo wake wa kutoa asidi. Uwiano ukiwa chini ya 1, mwamba huo utatoa asidi. Ukiwa kati ya 1 na 3, upimwe tena maabara kwa wiki zisizopungua 20. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti inahitaji kilo 31 na robo za mawe ya chokaa kwa kila tani ya mwamba ili isilete madhara. Mwamba hatari utengwe, urudishwe shimoni chini ya kimo cha maji au ufunikwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Kosa tunaloliogopa ni kuchanganya kifusi chote kwenye mlima mmoja kwa sababu kutenga kunachelewesha tingatinga. Kumbuka pia kwamba kwenye Ruhuhu hiyo hiyo serikali imepanga bwawa la Kikonge la takribani megawati 300, pamoja na kilimo cha umwagiliaji. Asidi hula chuma na zege la mitambo.

Kuhusu dhamana ya ufungaji: ahadi ya kampuni mama iliyosajiliwa nje haitoshi, kwa kuwa kampuni hiyo inaweza kuuza hisa zake kwa siku moja. Tunataka fedha taslimu kwenye akaunti maalumu, zinazokatwa kwa kila tani inayopita mizani, kwa kiwango kinachokokotolewa upya kila mwaka kufuatana na eneo lililofumuliwa na ujazo wa kifusi. Mgodi usioweza kulipa makato hayo kwa bei ya leo hautaweza kufunga shimo lake kwa bei ya kesho, na ni heri tulijue hilo sasa.

Sehemu ya mrabaha, na sisi tunapendekeza theluthi moja, ibaki Mbinga, Nyasa, Songea na Ludewa hadi 2035 kwa kazi zitakazodumu: mitambo ya umeme ya kumenya na kukausha kahawa kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), vikaushio vya mahindi, na vyumba vya barafu kwenye mialo ya ziwa. Gridi ilishafika Songea mwaka 2018, na Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Mafundi dizeli, wachomeleaji na waendesha mitambo waandikishwe kwa majina na vyeti vyao kupitia VETA, ili miradi ya umeme wa maji ya Ruhudji, Rumakali na Kikonge ikianza kujengwa wawe wa kwanza kuitwa.

Viwanda vya saruji vya ndani tunavitenga, kwa kuwa tanuri halizimwi kwa tangazo. Vipewe ratiba yao ndefu kidogo, vikianza kuchanganya maganda ya korosho na pumba za mpunga. Ila mkaa mbadala unaotengenezwa kwa makaa ya mawe ya Kiwira usihesabiwe kuwa nishati safi ya kupikia. Moshi wake una kaboni monoksidi na salfa, na anayeuvuta ni mama jikoni na mtoto aliye mgongoni. Fedha za mkaa huo zinunue majiko ya umeme ya presha.

Tutaambiwa kwamba Tanzania inachafua hewa kidogo mno, na nchi tajiri ndizo zianze. Ni kweli, zianze, na zilipe. Lakini tani moja ya makaa yetu ikichomwa India au Ufaransa inatoa takribani tani 2.4 za hewa ya ukaa, na joto lake halibaki huko. Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, kusini ya Mtwara, Aprili 2019, na Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu Mei 2024.

Mheshimiwa Waziri, tunaomba ndani ya siku 60 wizara ichapishe mipango ya ufungaji ya migodi yote ya makaa inayofanya kazi pamoja na kiasi cha dhamana kilicholipwa kwa kila mmoja, majibu ya vipimo vya maji ya Ngaka, Ruhuhu na Kiwira kwa miaka mitano iliyopita, na hesabu mbili za reli tulizozitaja. Wataalamu wetu wako tayari kukaa na wa wizara kuzipitia, Dodoma au Songea, siku mtakayoipanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wanakampeni wa kusitisha makaa ya mawe, Ruvuma, Njombe na Mtwara